Faiba Imefifia, Ina Madoa au Nta Haishiki: Dalili, Sababu na Dawa kwa Boti za Lamu

Boti nyingi za faiba zinazovusha watu kati ya Lamu, Shela, Manda na Mokowe hupigwa rangi kabla ya wakati wake. Ubavu ukipoteza mng'ao, mwenye boti huambiwa faiba imekufa, na siku ya pili rangi iko kwenye brashi. Mara nyingi faiba haijafa. Kilichochakaa ni ngozi ya juu ya jelikoti, ile rangi ngumu iliyomwagwa kwenye kalibu siku boti ilipoundwa, na ngozi hiyo yaweza kuondolewa kwa mkono, kitambaa na subira. Rangi ya duka ikishapakwa juu ya jelikoti yenye unga haishiki vizuri. Itabanduka vipande vipande, na kuiondoa ni kazi kubwa kuliko ile iliyokwepwa.

Ila kuna mpaka. Jelikoti mpya ina unene wa nusu milimita hadi milimita 0.8 hivi, na kwenye kona huwa nyembamba zaidi. Kila unapopiga msasa au kampaundi (dawa nzito ya kusugulia, yenye punje ndogo) unaipunguza, na haioti tena. Ndiyo maana tunaanza na vipimo, na kila tatizo linapewa dawa iliyo pole kwanza.

Vipimo vitatu kabla ya kununua chochote

Osha kipande cha ubavu chenye upana wa sinia, kikauke, kisha:

Mwagia maji safi. Rangi ikirudi kuwa nzito na yenye kung'aa wakati imelowa, halafu ikafifia ikikauka, jelikoti imechakaa juu tu. Itarudi. Ikibaki imefifia hata ikiwa imelowa, uchakavu umekwenda ndani zaidi, au kilicho juu ni rangi ya kupaka wala si jelikoti.

Pitisha kitambaa cheusi kikavu kwa nguvu. Unga mweupe, au wa rangi ya boti, ukibaki kwenye kitambaa, ni jelikoti iliyovunjwa na jua. Kitambaa kikitoka safi na bado ubavu umefifia, tatizo ni uchafu, chumvi au nta ya zamani iliyogandamana.

Pitisha ukucha juu ya mikwaruzo na nyufa. Ukucha ukipita bila kukwama, kampaundi yatosha. Ukikwama, hakuna nta wala polishi itakayoziba.

Dalili: ubavu umefifia na unatoa unga

Sababu ni jua. Lamu iko nyuzi 2 na kitu kusini ya ikweta, na jua la adhuhuri hupiga karibu wima mwaka mzima. Kwa hiyo sehemu zinazotazama juu, yaani ukingo wa boti, viti, sitaha ya omo (mbele ya boti) na paa, hufifia kabla ya ubavu. Miale huvunja utomvu wa jelikoti, chembe za rangi zinabaki hazina cha kuzishika, nazo ndizo unga unaouona. Boti nyekundu na za buluu huonyesha haraka kuliko nyeupe.

Kama unga ni kidogo, polishi ya faiba inatosha. Fanya kwa mkono, kipande cha sentimita 50 kwa 50 kila mara, mpaka kitambaa kinateleza badala ya kukwama. Kama kitambaa kinatoka kimejaa unga, anza na kampaundi kisha ufuate na polishi. Ukitumia mashine ya kupolishi, iwe mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika, padi ya sufi kwa kampaundi, ya sifongo kwa polishi. Mashine isitulie mahali pamoja. Gusa kwa kiganja kila baada ya muda: pakiwa pa moto hata kiganja hakikai, ondoka, pumzisha. Grinda ya kukatia chuma si mashine ya kazi hii hata ukiifunga padi. Inazunguka mara nyingi kupita kiasi na huunguza jelikoti kwa sekunde chache.

Msasa ni wa mwisho, pale tu kampaundi iliposhindwa kwenye kipande cha majaribio. Uwe msasa wa maji, uanze namba 1,000, kisha 1,500, kisha 2,000, maji yakichuruzika muda wote na tone la sabuni ndani. Namba 800 itumike kwa jelikoti iliyochakaa sana tu, nayo iachwe kwa mtu mwenye mkono mwepesi. Badilisha mwelekeo kila unapobadilisha namba: kama ya kwanza ulisugua kwa urefu, ya pili sugua kwa kupanda na kushuka. Hivyo utaona kama mikwaruzo ya awali imekwisha kabla hujaendelea. Ukiacha mikwaruzo ya namba 1,000 chini ya polishi, jua la saa kumi jioni litaionyesha yote.

Kona na kingo zizibe kwa tepu ya karatasi kabla ya kusugua, uzimalizie kwa mkono. Ukiona rangi inabadilika ghafla, kunakuwa na kijani au kahawia inayopenya, au kama nyuzi za kitambaa zinajionyesha, simama. Umemaliza jelikoti na umefika kwenye faiba yenyewe. Hapo panahitaji jelikoti mpya, hapahitaji kusuguliwa tena.

Neno juu ya mafuta. Wapo wanaopaka mafuta ya nazi, dizeli, au dawa ya kung'arishia tairi, na boti inang'aa kweli siku hiyo. Kinachotokea ni kile kile cha kipimo cha maji: faiba imelowa tu. Siku chache baadaye mafuta yamenata vumbi na moshi wa mashine, na ubavu ni mchafu kuliko mwanzo. Ile dawa ya tairi ina silikoni, na silikoni ikiingia kwenye jelikoti iliyochakaa, rangi au jelikoti ya ukarabati itakayokuja baadaye itajikunja na kuacha vishimo. Sifa (mafuta ya papa) na deheni (mchanganyiko wa chokaa na mafuta) zina heshima yake kwenye jahazi na mashua za mbao za Matondoni, kwa sababu mbao hunywa. Faiba hainywi.

Dalili: madoa meupe ya matone baada ya kuosha

Hili ndilo lalamiko kubwa la Lamu, na kiini chake ni maji ya kusuuzia. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Yakikauka juu ya ubavu huacha ukoko, na ukoko huo huvuta unyevu wa usiku, ndipo asubuhi ubavu unakuwa kama umetoka jasho. Huo huondoka kwa maji yasiyo na chumvi. Lakini visima vingi vya visiwani vina chumvi yake na chokaa yake, kwa hiyo unaosha chumvi ya bahari kwa maji yatakayoacha madoa mengine.

Pima maji yako kwanza. Dondosha tone moja kwenye kioo safi, liache likauke kivulini. Likiacha duara jeupe, maji hayo yafaa kuoshea, hayafai kumalizia. Maji ya mwisho yawe ya mvua. Nyumba zenye jabia au tangi la mvua zina hazina ambayo wenye boti wengi hawaikumbuki. Lita 16 zatosha kusuuza boti ya futi 23 ukitumia bomba la mgongoni la kunyunyizia, mradi halijawahi kutiwa dawa ya magugu. Anza juu, shuka chini, kisha kausha kwa kitambaa. Kukausha kuna faida kuliko kusuuza mara ya pili.

Doa la chokaa likishaganda, sabuni hailiwezi. Changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika 2 au 3, futa, suuza. Siki isikae kwenye reli za alumini wala kwenye trela ya mabati. Itakuwa imefuta nta pia, kwa hiyo paka upya hapo.

Dalili: utepe wa kahawia kwenye mstari wa maji

Kaunti ya Lamu ndiyo yenye mikoko mingi kuliko nyingine yoyote Kenya, na maji yanayotoka kwenye mikondo ya mikoko hubeba utomvu wa magome na majani. Ndio uleule unaotumika kutia rangi ngozi na tanga. Boti inayopita Mkanda, mlango wa maji kati ya Manda na bara, kila siku, au inayolala karibu na mikoko, itaota ndevu za kahawia omoni na utepe kuzunguka mstari wa maji. Kusugua kwa brashi ya waya au sabuni ya unga kunakwaruza tu. Rangi ya mikoko imeingia kwenye vitundu vya jelikoti.

Dawa yake ni asidi ya oksaliki. Yeyusha gramu 50 za unga katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki. Ubavu umesimama na maji yatateleza, kwa hiyo lowesha vitambaa vya pamba, uvibandike juu ya doa, uache dakika 5 hadi 10 kivulini. Visikauke. Ukiinua kitambaa utaona doa limekwenda bila kusugua. Suuza kwa maji mengi. Kwa doa changa, maji ya ndimu husaidia kidogo.

Asidi hii ni sumu. Vaa glavu za mpira na miwani, usile wala kuvuta sigara ukiwa nayo mkononi, na watoto wanaochezea pwani wawe mbali. Usiichanganye na jiki hata kidogo, wala usitumie kimoja juu ya kingine kabla ya kusuuza: vikikutana hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu. Hali kadhalika siki na jiki.

Dalili: michirizi ya kutu chini ya misumari na reli

Watu hufuta kutu na kutia nta, na baada ya wiki mbili imerudi. Kutu ya faiba haitoki kwenye faiba. Inatoka kwenye bolti. Stenlesi hujilinda kwa hewa. Ikikaa kwenye tundu lenye maji ya chumvi yasiyopata hewa, huanza kulika kimyakimya. Fungua bolti. Ikiwa imekonda au ina vishimo, weka mpya ya daraja la 316, ambalo hustahimili chumvi kuliko lile la kawaida la 304. Safisha tundu, likauke kabisa, tia gundi ya kuzuia maji kwenye tundu na chini ya kichwa cha bolti, kisha kaza. Baada ya hapo ndipo ufute mchirizi kwa asidi ya oksaliki kama ilivyoelezwa juu.

Vijidoa vya kutu vilivyotapakaa mahali pasipo na bolti ni cheche za chuma. Kuna mtu amekata chuma kwa grinda karibu na boti upepo ukija upande wako. Vitoe mapema, kabla havijazama.

Dalili: michirizi myeusi na alama za mpira

Myeusi inayoshuka kutoka kwenye matundu ya maji ni vumbi, moshi na chakavu cha reli ya alumini, vyote vikishuka na umande. Sabuni ya vyombo kidogo kwenye kitambaa, kisha nta chini ya kila tundu, mara mbili. Alama za tairi za gatini ni mpira ulioyeyuka; zipanguse kwa kitambaa chenye spiriti au mafuta ya taa kidogo, osha mara moja, tia nta. Petroli usitumie, ni hatari ya moto na hukausha jelikoti.

Dalili: duara hafifu lenye ukungu palipokuwa na kinyesi cha ndege

Kunguru na membe. Kinyesi chao kina asidi, na kikipikwa juani hula nta kisha jelikoti. Kilowesheni kwa kitambaa chenye maji dakika 10 ndipo mfute. Kikisuguliwa kikavu kina punje zinazokwaruza. Ukungu ukibaki, polishi.

Dalili: mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana juani

Ni mchanga. Hasa boti zinazopwelewa Shela, ambako upepo wa kusi hupuliza mchanga mwembamba wa matuta mpaka ndani ya boti. Anayeanza kwa kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu anapiga msasa bila kujua. Ndivyo pia turubai linalopigapiga juu ya faiba: chumvi na mchanga vikiingia chini yake, upepo hufanya kazi ya kusugua usiku kucha. Funga turubai likaze, au usilifunge.

Kuosha kwenyewe kuwe hivi. Ndoo mbili za lita 20: moja ya sabuni, moja ya maji matupu. Mwagia boti yote maji kwanza, mchanga uondoke wenyewe. Sabuni ya kuoshea magari, vijiko viwili vya chakula kwa lita 10 za maji. Sifongo ikitoka kwenye ubavu iende kwanza kwenye ndoo ya maji matupu, ikamuliwe, ndipo irudi kwenye sabuni. Sehemu za chini karibu na mkuku (uti wa chini wa boti) ziwe za mwisho, na ziwe na sifongo yake. Kitambaa kikianguka mchangani kiwekwe kando mpaka kifuliwe, hata kama kinaonekana safi.

Sabuni ya vyombo ina mahali pake: tunaitumia kwa makusudi tunapotaka kuondoa nta ya zamani kabla ya kupaka mpya. Anayeitumia kila wiki anafuta nta yake kila wiki, kisha analaumu kopo.

Dalili: nta haishiki, imebaki mawimbi, au imeganda haifutiki

Karibu kila mara ni joto. Nta ikipakwa kwenye faiba yenye moto, maji yake na mafuta yake huruka kabla haijalala, na kinachobaki ni ukoko unaohitaji nguvu. Weka kiganja kwenye ubavu kwa sekunde tano. Ukiona moto, usipake.

Na hapa Lamu kuna mtego wa maji ya bahari yenyewe. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji huwa yamekupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Boti iliyopwelezwa ili kusafishwa inakuwa mchangani jua likipanda, na saa nane maji yanarudi. Kwa hiyo ipandishe juu kadiri maji ya alfajiri yatakavyofika, ili ikauke mapema. Osha mara maji yanapoiacha. Ubavu unaotazama magharibi una kivuli mpaka karibu saa sita mchana: huo ndio upakwe nta siku hiyo. Wa pili uachiwe siku ya pili, boti ikiwa imegeuzwa. Mwenye trela au banda la makuti hana shida hii, naye apake kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni.

Sababu nyingine ni wingi. Tabaka nene halilindi zaidi, linachafua zaidi. Kopo la gramu 300 linatosha pande mbili za boti ya futi 23 na likabaki. Paka eneo la sentimita 60 kwa 60, kwa sifongo yenye unyevu kidogo, nyembamba mpaka uone kama pumzi kwenye kioo. Subiri dakika 3 hadi 5. Pitisha kidole: pakiacha njia safi, futa, pakiburuza, ngoja. Futa kwa maikrofaiba safi, ukigeuza upande kila kipande. Tabaka la pili lipakwe kesho yake. Nta iliyokwisha kuganda ilainishe kwa kupaka nta mbichi kidogo juu yake, kisha futa zote mara moja.

Kama umefanya yote na maji bado hayajikusanyi kuwa matone, ulipaka juu ya unga. Rudi kwenye kitambaa cheusi.

Dalili: nta inaisha haraka

Kwa boti ya kazi inayoshinda juani, miezi mitatu au minne ni kawaida, na sehemu za juu ni pungufu ya hapo. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, ina mng'ao mzuri lakini huondoka mapema. Ile ya polima hudumu zaidi na ndiyo tunayoipendekeza kwa boti za abiria. Kazi kubwa ifanywe Oktoba au Novemba kabla ya kaskazi kutulia, nyingine Machi kabla ya masika. Katikati, paka viti, ukingo na sitaha ya omo pasipokanyagwa. Suuza kila jioni baada ya safari. Ukoko wa chumvi ukiachwa, kila mguso wa nguo na kamba unausaga juu ya nta.

Dalili zisizo za nta

Nyufa kama utando wa buibui kuzunguka bolti au pembeni ya omo zimetokana na pigo au faiba inayonesa. Zinahitaji kuchimbwa na kujazwa jelikoti, na kinachonesa kiimarishwe. Malengelenge chini ya mstari wa maji yana maji ndani yake; usiyapasue, mpelekee fundi wa faiba. Vioo vya plastiki vilivyojaa ukungu visiguswe na asetoni wala dawa ya vioo yenye amonia, vitapasuka vipasuko vidogo ambavyo haviondoki.

Nta isipakwe sehemu yenye vipele ya sitaha, kwenye ngazi, wala mahali abiria wanapokanyaga wakiingia kutoka gatini. Mtu mwenye mtoto mkononi akiteleza hapo anaangukia kati ya boti na gati. Isipakwe pia chini ya mstari wa maji, maana rangi ya kuzuia viumbe vya baharini haishiki juu yake. Fundi akija kupiga rangi hiyo, mwambie nta iliishia wapi, aifute kwa thina sentimita 10 kutoka kwenye mstari kabla hajafungua kopo.